Barua ya wazi kwa wakubwa wa shirika lililonisomesha: watoto wetu wana kwao

Kwa: Wajumbe wa Bodi, Mkurugenzi Mkuu wa makao makuu, na Mkurugenzi Mkazi wa ofisi ya taifa.

Waheshimiwa,

YAH: MNAYOWAELEZA WAFADHILI KUHUSU KWETU

Shikamooni. Naanza na salamu hiyo kwa sababu wengi wenu mmenizidi umri, na kwa sababu ni neno ambalo kwa miaka sita niliyowafasiria barua za watoto niliagizwa kulipita. Mtoto akiandika, "Shikamoo baba mfadhili, shikamoo mama mfadhili, mimi sijambo, sijui ninyi huko," mfasiri hutakiwa kuweka neno moja la Kiingereza lenye herufi tano, kisha aendelee.

Jina la shirika silitaji. Mnajijua, na wazazi wa vituoni, mnakoandikisha watoto wa kufadhiliwa, wanawajua. Wala sikukimbilia kuwaanika. Nimeandika barua tatu kabla ya hii. Ya kwanza ilijibiwa kwa sentensi moja, kwamba maoni yangu yamepokelewa. Ya pili niliipeleka ofisini kwa mkono na nakala yangu ikagongwa mhuri. Mhuri ndio jibu pekee nililopata. Ya tatu ilinipatia kikao cha dakika ishirini, nikakaribishwa chai, nikaambiwa kwa upole kwamba miongozo inatoka juu. Basi leo naandika huko juu, na nimeona ni heri wazazi nao wasome.

Nijitambulishe. Niliandikishwa kituoni nikiwa na miaka minane, wilaya ya Kongwa, mkoa wa Dodoma. Mfadhili wangu alikuwa mama wa makamo wa Uingereza ambaye alizeeka nikiwa naandikiana naye. Fedha yake ilininunulia sare na madaftari, ikanitibu malaria zaidi ya mara moja, ikanilipia ada ya sekondari enzi zile ada ilikuwa bado inalipwa. Nikafika chuo. Niliporudi nikaomba kazi ya kufasiri barua, nikalipwa kwa idadi ya barua, nikaifanya kwa moyo.

Kwa hiyo asije mtu akaniambia sina shukrani. Najua hata kwamba wataalamu wamelipima jambo hili. Mwaka 2013 mchumi Bruce Wydick na wenzake walichapisha utafiti uliofanyika katika nchi sita, Kenya na Uganda zikiwamo, juu ya watu waliokuwa wamefadhiliwa kupitia shirika la Compassion wakiwa watoto. Walikuta kwamba ufadhili uliwaongezea zaidi ya mwaka mmoja wa masomo, na kwamba ukubwani walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kupata kazi ya mshahara. Nami ni shahidi kwamba fedha hizi hufanya kazi.

Lakini matangazo yenu yanamwahidi mfadhili vitu viwili. Atamsaidia mtoto, na yeye pamoja na wanawe watajifunza utamaduni wa nchi ya mtoto huyo. Ahadi ya kwanza mmejitahidi. Ya pili ndiyo iliyonitoa nyumbani. Mnachowafundisha wafadhili si kwetu. Mmetengeneza nchi yenu nyingine, mkaipa jina la Tanzania, mkawafundisha watoto wetu kuandika barua kutoka huko.

1. Kijitabu cha nchi

Kila mfadhili mpya hupokea kijitabu cha kurasa kumi na mbili. Mimi nililetewa nihakiki tahajia ya maneno ya Kiswahili tu, na maneno yenyewe yalikuwa mawili: "jambo" na "hakuna matata". Nimezaliwa Kongwa, nimekulia Kongwa, sijawahi kumsikia bibi yeyote akimwamkia jirani yake kwa "jambo". Hayo ni maneno ya kumwambia mgeni anayeshuka kwenye basi la utalii. Kwetu, ukipita mbele ya nyumba ya Wagogo, kabila letu, utasikia "Mbukwenyi!", na ukiwa na adabu utasimama, kwa sababu salamu hiyo haiishii hapo; itauliza watu wa nyumbani, mifugo, na mvua kama imenyesha upande wenu.

Ukurasa wa muziki una picha ya djembe, ngoma ya Afrika Magharibi, maelfu ya kilomita kutoka Dodoma. Kwetu kuna muheme, ngoma wanayopiga wanawake wakiwa wameibana katikati ya mapaja, mmoja anaanza, wengine wanampokea, hadi vumbi linainuka. Kuna zeze la nyuzi, kuna ilimba inayopigwa kwa vidole gumba. Hukwe Zawose, Mgogo wetu aliyefariki mwaka 2003, alivipeleka vyombo hivyo kwenye majukwaa ya Ulaya, na sauti yake ilirekodiwa Uingereza kwa kampuni ya mwanamuziki Peter Gabriel. Inawezekana kabisa kuna mfadhili ana santuri ya Zawose kabatini, na nyinyi mnamwambia kwamba mtoto wake wa Dodoma anacheza djembe.

Kurasa tatu zina picha za Wamasai. Ni majirani zetu, na wazee wetu wenyewe zamani walitoga masikio na kujipaka udongo mwekundu kama wao, kwa hiyo sioni tusi katika kufananishwa nao. Ila mtoto wa mkulima wa uwele akiulizwa kwenye barua kama ameshaua simba, anajibu nini? Nimelifasiri swali hilo kwa mkono wangu, zaidi ya mara moja. Mmoja alijibu kwamba simba hajamwona ila fisi alimla mbuzi wao. Hiyo ndiyo barua nzuri kuliko zote nilizopata kufasiri.

Halafu kuna sentensi iliyoniudhi kuliko picha zote, inayosema kwamba watu wa eneo letu wamekuwa maskini kwa sababu ya ukame na mila za kale. Ukame tunao, siukatai. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, inaanza Desemba na kuisha Aprili, ikikosa imekosa. Lakini mwulizeni mzee yeyote wa Ugogo njaa kubwa kuliko zote ilikuwa ipi, atawatajia Mtunya, ya mwaka 1917 hadi 1920. Vita ya Kwanza ya Dunia ilipita kwetu. Jeshi la Wajerumani lilichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo. Waingereza wakaja nao wakachukua vilivyobaki. Mvua ilipokosa, ghalani hapakuwa na kitu cha kulinda uhai. Hiyo mila ya kale ni ya nani?

Na Kongwa yenyewe, mahali mnapopaita "kijiji cha mbali", ndipo serikali ya Uingereza ilipoleta mashine zake mwaka 1947 kulima karanga kwa wingi, ikamwaga mamilioni ya pauni, na mwaka 1951 ikafuta mpango mzima kwa sababu haikusikiliza udongo wala mvua. Miaka ya 1960, hapo hapo Kongwa, palikuwa na kambi za wapigania uhuru wa FRELIMO ya Msumbiji, ANC ya Afrika Kusini, SWAPO ya Namibia na MPLA ya Angola. Tulipokuwa wadogo tulionyeshwa makaburi yao. Fikirini mfadhili wa Uingereza angepata barua ya mtoto wa darasa la sita akimweleza kuhusu karanga za babu zake huyo mfadhili! Wangekuwa na la kuzungumza miaka mitatu.

2. Barua zenyewe, na yanayofutwa ndani yake

Fomu ya barua ina sentensi zenye nafasi za kujaza. "Nyumba yetu imeezekwa kwa ______." "Kazi ninazofanya nyumbani ni ______." "Naomba uniombee kuhusu ______." Jumamosi moja watoto arobaini wanakaa chini na fomu hizo, bahasha inatakiwa Jumatatu, mwalimu wa kituo yuko peke yake. Anaandika mfano ubaoni, watoto wananakili. Ndiyo maana watoto arobaini wa kituo kimoja wote wanapenda ugali na maharage na wote wanaomba waombewe wafaulu mtihani. Walimu siwalaumu. Mimi mwenyewe nilinakili hivyo nikiwa mtoto, na wakati huo hata maharage nilikuwa siyapendi.

Kinachoniuma ni wale wachache wanaoandika ya kwao. Kijana mmoja alieleza jinsi babu yake anavyotengeneza zeze kwa kibuyu na ngozi, akachora na picha pembeni. Barua ilirudishwa na maelezo kwamba vyombo vya jadi "vinaweza kueleweka vibaya". Akaandika nyingine. Ugali na maharage. Msichana mmoja aliandika ukurasa mzima juu ya mlenda: bibi yake anavyoukausha, anavyoutwanga na kuuhifadhi hadi kiangazi, unavyoliwa kwa ugali wa uwele, na jinsi mgeni wa kwanza anavyohangaika nao ukivutika toka kwenye bakuli hadi kidevuni. Nilicheka nikifasiri. Mhariri alibakiza maneno mawili: mboga za majani.

La undugu ndilo zito zaidi. Kwetu mdogo wa mama ni mama, kaka wa baba ni baba. Mtoto anayelelewa na mama mdogo wake anaishi kwa mama yake, wala hakuna jirani anayemwonea huruma. Fomu zenu hazina mama mdogo, wala baba mkubwa, wala shangazi mwenye sauti kuliko wazazi wote wawili. Zina "mzazi", "mlezi" na kisanduku cha "hayupo". Namjua binti ambaye mama mzazi alikuwa anafanya kazi Morogoro akituma fedha kila mwezi, naye akikaa kwa mama mdogo. Kwenye faili lake iliandikwa kwamba ametelekezwa. Mfadhili akamwandikia pole ndefu kwa kuachwa na mama yake. Binti alinijia na ile barua mkononi akiuliza, "Mwalimu, mama kaniacha lini?" Nilikosa la kumjibu, kwa sababu barua ile niliifasiri mimi.

Na picha. Familia moja ilikuwa imemaliza nyumba ya matofali na bati, kwa sehemu kutokana na zawadi ya fedha iliyotoka kwa mfadhili mwenyewe. Mpiga picha aliyeletwa na ofisi alimtoa mtoto pale akampeleka kwa jirani, kwenye tembe kuukuu ambamo mbuzi walikuwa wanalala. Tembe ni nyumba ya heshima. Ina paa la udongo, baridi ya Julai haikupati ndani, na mwenye kuijua historia ya Ugogo angeipiga picha kwa sababu hiyo. Haikupigwa kwa sababu hiyo. Bibi wa yule mtoto aliniuliza, "Kwani sisi hatuna nyumba?"

3. Urafiki wa upande mmoja

Hili ni fupi. Mtoto wetu haambiwi chochote cha maana kuhusu mfadhili. Anapata jina la kwanza, nchi, na picha ya theluji au mbwa. Kama mfadhili ni dereva wa lori, kama naye alikulia katika umaskini, kama kwao kuna lugha nyingine inayokufa, mtoto hajui. Mwaka 2019 shirika la World Vision lilianza utaratibu ambao mtoto ndiye anayechagua picha ya mfadhili ukutani. Sisemi umemaliza tatizo, ila angalau kuna mtu alikaa akafikiri kwamba mtoto naye ana macho.

4. Mfadhili akiondoka, na mfadhili akifa

Nilikuwa kidato cha pili mama yule wa Uingereza alipofariki. Sikujua. Niliendelea kumwandikia kwa mwaka mzima na zaidi. Nilimweleza matokeo yangu, nikamwuliza mgongo wake unaendeleaje kwa sababu alikuwa amenidokeza kwamba unamsumbua. Barua zangu zilipokelewa ofisini, zikafasiriwa, zikagongwa mhuri. Baadaye jina jipya likatokea kwenye fomu yangu. Nilipouliza nikaambiwa mfadhili wa awali "amehitimisha ushiriki wake". Ukweli niliupata nikiwa mfanyakazi wenu, nilipofungua faili langu mwenyewe.

Waheshimiwa, mnawafundisha wafadhili utamaduni wetu, na hili hamkulijua? Kwetu msiba haufichwi. Kumficha mtu msiba wa ndugu yake ni kosa linaloweza kuwaacha watu wakiwa maadui. Bibi yangu alikuwa anamwita mama yule "mkwe wangu wa Ulaya", kila mavuno alikuwa anataka nimwandikie kwamba kuna fungu lake la karanga. Tungeambiwa, tungekaa msiba. Hata siku moja. Majirani wangekuja, kwaya ya kanisani ingeimba, na ningeandika barua moja ya pole kwa watoto aliowazaa mwenyewe, wasionijua. Bibi naye ameshafariki, bila kupata habari kwamba mkwe wake alimtangulia.

5. Taarifa za watoto

Majina, picha, ugonjwa wa mama, ulevi wa baba: haya yote husafiri hadi nchi ambazo mzazi hatazifika, kwa dole gumba lililowekwa kwenye karatasi ya Kiingereza. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Mzazi anastahili kusomewa kwa lugha anayoielewa. Nimekaa kwenye uandikishaji mara nyingi; karatasi ile haikusomwa hata mara moja.

Sasa najua mtakavyojibu, kwa kuwa chai ile haikuwa ya bure.

Mtasema wafadhili watakimbia wakiona nyumba ya bati. Mmewahi kuwauliza? Aliyetoa fedha ya bati ndiye mwenye haki ya kwanza ya kuliona. Na kama kuna anayetoa kwa sharti kwamba mtoto abaki kwenye tembe la jirani, basi huyo tatizo lake halitatibiwa na picha.

Mtasema miongozo ni ya dunia nzima. Ufadhili wa namna hii haukuanzia Afrika. Shirika la Save the Children lilianza mwaka 1919 kwa sababu ya watoto wenye njaa wa Ujerumani na Austria. Shirika la Plan lilianza mwaka 1937 kwa watoto wa vita ya Hispania. Watoto wa kwanza walikuwa Wazungu, na sidhani kuna aliyewaambia wafadhili wao kwamba njaa ya Vienna ilitokana na mila za kale. Walijua ni vita. Nasi tunaomba tuelezwe kwa kipimo hicho hicho.

Mtasema usalama wa mtoto. Hapa tunakubaliana. Jina la kijiji lifichwe, namba za simu zisipite, mfadhili asimtafute mtoto mtandaoni. Lakini mlenda haumhatarishi mtoto yeyote.

Mtasema fedha hakuna. Kijitabu hicho kinachapishwa upya kila baada ya muda kwa karatasi inayong'aa. Walimu wa Dodoma, wazee, na vijana tuliopita vituoni tungewaandikia kipya kwa gharama ya nauli na chakula cha mchana.

Mnachoombwa ni hiki:

Kwanza, kijitabu kiondolewe, na kipya kiandikwe na watu wa mkoa husika. Cha Dodoma kiandikwe Dodoma, cha Kigoma kiandikwe Kigoma. Hadithi ya tembo aliyezama matopeni, watu wakasema "idodomya", yaani amezama, na mji ukapata jina, isimuliwe na wenyewe.

Pili, fomu ya kujaza nafasi ibaki kwa watoto wa madarasa ya chini tu. Kuanzia darasa la nne wapewe karatasi tupu na muda wa kutosha, na barua isifutwe kitu bila mtoto kuelezwa sababu. Mfasiri aruhusiwe kuweka maelezo pembeni: shikamoo ni nini, mama mdogo ni nani.

Tatu, kisanduku cha familia kibadilishwe na mafaili yaliyopo yapitiwe upya mbele ya wazazi. Neno "ametelekezwa" lifutwe kila mahali ambapo si kweli. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ibara ya 29, unasema elimu imjengee mtoto heshima kwa wazazi wake, lugha yake na utamaduni wake. Sioni jinsi faili linalomwua mama aliye hai linavyofanya hivyo.

Nne, picha zipigwe nyumbani kwa mtoto, mzazi akiwepo, na mzazi aoneshwe kabla haijatumwa. Karatasi ya ridhaa isomwe kwa Kiswahili, na kwa Kigogo kwa bibi asiyejua Kiswahili.

Tano, mfadhili akifariki, mtoto na familia yake waambiwe ndani ya mwezi mmoja, na wapewe nafasi ya kutuma pole. Hili halihitaji bajeti.

Naomba jibu la maandishi kabla ya barua za Krismasi kuanza kukusanywa, ambazo mnajua kwamba hukusanywa mapema. Jibu lisije kwangu peke yangu. Lisomwe kwenye vikao vya wazazi vituoni. Mkiamua kuniita tena, nitakuja, ila safari hii nitafuatana na wazazi wawili na yule binti wa Morogoro, ambaye sasa ana miaka kumi na tisa na ana maswali yake mwenyewe.

Na kama mna anwani ya watoto wa yule mama wa Uingereza, sitaki mnipe. Nimeambatanisha barua ya pole, kurasa mbili, haijafungwa ili muisome kama kanuni zenu zinavyotaka. Naomba ifike kwao bila kupunguzwa, pamoja na ile sehemu ya karanga.

Wenu,

Mfadhiliwa na mfasiri wenu wa zamani,
Kongwa, Dodoma.

Nakala: Wazazi na walezi wa watoto wa vituoni, Ofisa Ustawi wa Jamii wa wilaya.